Frédéric Ozanam, Mwanafunzi Aliyekosa Jibu

Frédéric Ozanam alizaliwa tarehe 23 Aprili 1813 katika mji wa Milano, nchi ya Italia, lakini wazazi wake walikuwa Wafaransa. Siku zile Napoleoni alitawala hata Italia, na baba yake Frédéric, aliyekuwa zamani askari katika jeshi lake, alifanya kazi ya uganga mjini humo. Wazazi hao walijaliwa watoto 14, lakini wengi wao walikufa wangali wadogo. Wavulana watatu tu walifikia umri wa kuwa na kazi zao: Alphonse akawa padri, Charles akawa mganga kama baba yake, na Frédéric ndiye tutakayesoma habari zake.

Mwaka wa 1816 jamaa yote ilirudi Ufaransa, katika mji wa Lyon, mji wa wafumaji wa hariri. Wafumaji hao walifuma nguo za wafalme, na wao wenyewe walikaa katika vyumba vya juu, vyembamba, bila moto wakati wa baridi. Baba yake Frédéric alipanda ngazi zao kila siku kwenda kuwatibu, na wengi hakuwatoza hata senti moja. Mama yake naye alikwenda kuwatazama wagonjwa. Inasimuliwa kwamba walipoanza kuzeeka, mume na mke hao waliahidiana kutopanda tena ngazi ndefu kupita ghorofa ya nne. Kumbe, siku moja walikutana uso kwa uso juu kabisa ya nyumba moja, kila mmoja akiwa amekuja kwa mgonjwa wake kwa siri. Watoto wa nyumba kama hiyo hawahitaji kufundishwa kwa maneno mengi.

Hata hivyo Frédéric hakuwa malaika. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika utoto wake alikuwa mkaidi, mwepesi wa hasira na mvivu. Lakini shuleni akili yake ilifunguka upesi. Alipenda Kilatini mno, hata akatunga mashairi kwa lugha hiyo.

Alipokaribia miaka 16 taabu kubwa ilimpata, si taabu ya mwili bali ya roho. Alikuwa akisikia maneno ya watu wasioamini, na mashaka yakaingia moyoni mwake. Alishika mafundisho ya katekismu kama mtu anayeshika kamba majini, lakini aliona kamba inateleza mkononi. Usiku hakupata usingizi mzuri. Siku moja akaingia kanisani, akamwahidi Mungu kwamba akipewa mwanga wa kuona ukweli, atatumia maisha yake yote kuutetea.

Mwalimu wake wa filosofia aliitwa Padri Noirot. Padri huyo hakumkemea wala hakumwambia anyamaze. Alimchukua matembezini katika njia za vilima nje ya mji, wakaongea saa nyingi. Desturi ya Padri Noirot ilikuwa kuuliza maswali kuliko kutoa majibu. Aliuliza, akangoja, akauliza tena, mpaka mwanafunzi mwenyewe alipoona mahali fikira zake zilipopinda. Katika njia hizo Frédéric alirudishiwa amani yake, akajifunza pia kwamba swali si adui.

Mwaka wa 1831, akiwa na miaka 18 tu, aliandika kitabu kidogo. Wafuasi wa mtu mmoja aliyeitwa Saint-Simon walikuwa wamefika Lyon kuhubiri dini mpya, wakisema kwamba dini ya Kikristo imekwisha kazi yake. Frédéric aliwajibu katika kitabu hicho. Watu wakubwa walikisoma wakashangaa kusikia kwamba aliyekiandika alikuwa kijana asiye na ndevu.

Baba yake alitaka awe avoka, yaani mtetezi wa watu mbele ya mahakimu. Kwa hiyo mwisho wa mwaka ule Frédéric alisafiri kwenda Paris kusoma sheria. Nyumba ya kwanza aliyopanga haikumpendeza. Mezani yeye peke yake alishika mfungo wa Ijumaa, na wengine walifanya mzaha. Akaenda kumsalimu mzee mmoja wa Lyon aliyekaa Paris, mtaalamu André-Marie Ampère. Huyo ni yule Ampère ambaye hata leo mafundi wa umeme hulitaja jina lake kila wanapopima nguvu ya umeme katika waya. Mzee alimwuliza habari za nyumba yake, kisha akamfungulia chumba kimoja kilichokuwa kitupu. Kilikuwa chumba cha mwanawe aliyekuwa safarini. Kwa faranka 60 kwa mwezi, Frédéric alipata kitanda, chakula na mazungumzo ya mmoja wa wenye elimu wakubwa wa Ulaya. Mzee huyo alikuwa Mkristo wa kweli. Kijana aliyekuwa akisikia kila siku kwamba dini ni ya wajinga alimwona mwenye hekima huyo akisali.

Katika universite mambo yalikuwa magumu. Walimu kadhaa waliisema dini vibaya mbele ya wanafunzi, na wanafunzi Wakatoliki waliinamisha vichwa wakanyamaza. Mmoja wa walimu hao, Jouffroy, alifundisha kwamba Mungu hawezi kuwafunulia watu lo lote. Ozanam na rafiki zake hawakupiga kelele darasani. Waliandika hoja zao kwa utaratibu na kwa heshima, wakampa mwalimu. Mwalimu alijaribu kujibu, lakini hakujibu vizuri. Wakaandika tena, na safari hii wanafunzi kadhaa walitia majina yao. Mwaka wa 1832 Jouffroy aliisoma barua hiyo mbele ya wasikilizaji zaidi ya 200, nao walisikiliza kwa utulivu. Mwalimu akajitetea, akasema kwamba hakutaka kuushambulia Ukristo, na kwamba atajitahidi asiwaumize tena watu katika imani yao. Wanafunzi waliokuwa wakiinamisha vichwa wakaanza kuviinua.

Sasa tufike kwenye mabishano yenyewe.

Palikuwa na bwana mmoja jina lake Emmanuel Bailly, mwenye gazeti, aliyewapenda sana wanafunzi. Karibu na uwanja wa Estrapade alikuwa na nyumba ambamo wanafunzi waliweza kusoma na kukutana. Kila Jumamosi walifanya humo mkutano ulioitwa konferensi ya historia. Mmoja alisoma maandiko aliyoyatayarisha, juu ya historia au filosofia au vitabu vya watu wa kale. Akiisha, mwingine alisimama kumpinga, wa tatu akamtetea, na hivyo hivyo. Bwana Bailly hakuwakaribisha Wakatoliki peke yao. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mwanafunzi: aliyeamini, asiyeamini, hata wafuasi wa Saint-Simon. Hilo lilikuwa jambo la akili. Ukibishana na wale tu wanaokubali maneno yako, huwezi kujua kama mkuki wako una ncha.

Ozanam hakuzaliwa na ulimi mwepesi. Macho yake hayakuona mbali, nywele zake hazikukaa sawa, naye alikuwa mwenye haya. Aliposimama kusema uso ulimpauka, na maneno ya kwanza yalitoka kwa shida. Lakini alikuwa amesoma. Aliyesema jambo juu ya mapapa wa zamani au wamonaki au watu wa Bara Hindi alijua kwamba Ozanam atamwuliza habari hiyo ameitoa katika kitabu gani. Tena, maneno ya kwanza yakiisha kupita, sauti yake ilipata moto, na waliokuwa wakinong'ona waliacha kunong'ona. Wapinzani wake hawakumchukia, kwa maana hakuwadharau.

Mwanzo wa mwaka wa 1833 mabishano yalizidi kuwa makali. Wakatoliki walionyesha mambo mema yaliyofanywa na Kanisa tangu zamani: watumwa waliofunguliwa, hospitali zilizojengwa, wajinga waliofundishwa. Ndipo wapinzani walipopata neno la kuwajibu. Walikubali kwamba zamani Ukristo ulifanya makubwa. Lakini leo, walisema, mti huo umekufa. Wakawauliza Wakatoliki: ninyi mnaojisifu kuwa Wakatoliki, mnafanya nini? Matendo yenu yako wapi, ili sisi tuyaone tuamini?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Mwaka uliotangulia, 1832, ugonjwa wa kipindupindu uliingia Paris ukaua watu zaidi ya 18,000, na waliokufa wengi walikuwa maskini wa mitaa michafu. Mitaa hiyo ilikuwa karibu kabisa na nyumba ya mabishano. Wanafunzi waliipita kila Jumamosi jioni, wakiwa na karatasi zao mkononi, wakitengeneza maneno yao vichwani.

Ozanam hakuwa na jibu. Angeweza kutafuta maneno mazuri ya kujifunika, maana kwa wakati ule alikuwa ameyazoea. Lakini aliona kwamba mpinzani wake amesema kweli, na jambo hilo lilimchoma moyo. Walipotoka nje, yeye na rafiki zake walizungumza njiani. Mmoja wao, Auguste Le Taillandier, alikuwa amechoshwa na mabishano, akataka wafanye mkutano wa namna nyingine, mkutano wa kutenda. Inasimuliwa kwamba jioni ile ile Ozanam na Le Taillandier walichukua kuni zilizobaki katika vyumba vyao, akiba yao ya baridi, wakazibeba wenyewe mpaka kwa maskini mmoja waliyemjua.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, wanafunzi sita walikutana katika ofisi ya gazeti la Bwana Bailly. Pamoja na Ozanam na Le Taillandier walikuwapo François Lallier, Paul Lamache, Félix Clavé na Jules Devaux. Bwana Bailly, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alikaa kitini kuwaongoza. Waliuita mkutano wao konferensi ya upendo, kusudi watu wasiuchanganye na ile konferensi ya historia. Mwaka uliofuata walijiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Lakini wataanzia wapi? Vijana hawa walijua Kilatini na sheria, lakini hawakujua namna ya kuingia katika nyumba ya mtu mwenye njaa bila kumwaibisha. Wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, mmoja wa Mabinti wa Upendo, aliyekaa katika mtaa maskini wa Mouffetard. Sista huyo aliwajua watu wa mtaa wake mmoja mmoja. Aliwapa majina ya jamaa chache, pamoja na vyeti vya kupewa mkate, akawafundisha kuwa na subira na kutowahukumu watu upesi. Kila juma walikwenda kuwatazama jamaa zao, na kila mkutano ulipokwisha walipitisha kofia ili kila mmoja atie alichonacho. Hawakuwa matajiri. Mara nyingi kofia ilirudi nyepesi.

Masomo yao hayakupotea. Jamaa moja aliyopewa Ozanam ilikuwa ya mama mwenye watoto watano, aliyefanya kazi usiku na mchana, na mlevi aliyekaa naye alimpiga na kunywa fedha zake zote. Ozanam alichunguza habari zao, akaona kwamba watu hao hawakufunga ndoa halali. Hapo ndipo vitabu vya sheria vilipofanya kazi yake. Aliwaendea wakuu wa serikali, yule mwanamume akakatazwa kumsumbua, na wanafunzi wakachanga nauli ili mama arudi kwao Bretagne.

Ozanam hakuacha kusema mbele ya watu, wala hakuona kwamba kusema ni kazi bure. Mwaka wa 1833 na tena Januari 1834, yeye na wenzake walikwenda kwa Askofu Mkuu wa Paris na barua yenye majina ya wanafunzi wengi. Waliomba mahubiri ya namna mpya, yatakayojibu maswali ya vijana wa wakati wao. Askofu hakuwakubalia upesi. Lakini katika Kwarezima ya mwaka 1835 Padri Lacordaire alipanda katika mimbari ya kanisa kuu la Notre-Dame, na maelfu ya watu wakajaa chini, vijana wengi miongoni mwao. Mahubiri hayo ya Kwarezima hufanywa Notre-Dame hata siku hizi.

Ubishi mkali kuliko wote Ozanam aliufanya na rafiki zake mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1834 wale sita walikuwa wamekwisha kuwa mia hivi, na chumba hakikuwatosha. Ozanam alitoa shauri wagawanyike makundi. Wengi walikataa kabisa. Walipendana, nao waliogopa kwamba wakitengana upendo utapoa. Mwezi wa Desemba walibishana jioni baada ya jioni, na wengine walitokwa na machozi. Ozanam alishika neno lake bila kumkasirikia mtu. Mwanzo wa 1835 wakagawanyika. Kama wasingegawanyika, pengine wangebaki kundi la marafiki wa chumba kimoja, na leo asingejulikana hata mmoja wao.

Miaka iliyofuata ilikuwa na misiba. Baba yake alikufa mwaka 1837, baada ya kuanguka katika ngazi za nyumba ya maskini aliyekwenda kumtibu. Mama yake alimfuata mwaka 1839. Ozanam alikuwa amepata udaktari wa sheria na udaktari wa elimu ya vitabu, akafundisha sheria za biashara mjini Lyon.

Mwaka wa 1840 serikali iliweka mashindano makubwa kwa wale waliotaka kufundisha katika universite. Kila mshindani alipaswa kuandika, kisha kusema mbele ya waamuzi na watu wote waliopenda kusikia. Mambo ya kusema yalichaguliwa kwa kura. Kura ya Ozanam ilimwangukia jambo gumu na kavu: wale wafafanuzi wa kale walioandika maelezo pembeni mwa vitabu vya Kigiriki na Kilatini. Watu ukumbini walinong'ona, wengine wakacheka, maana ni nani awezaye kusema vizuri juu ya jambo kama hilo? Alikuwa na siku moja tu ya kujitayarisha. Alikesha. Kesho yake akasimama na uso wake uliopauka, akaanza kwa shida kama kawaida yake, kisha akasema hata walionong'ona wakanyamaza. Matokeo yaliposomwa, jina lake lilikuwa la kwanza. Alikuwa na miaka 27. Akapewa kazi ya kufundisha katika Sorbonne, mahali pale pale alipokuwa amemjibu Jouffroy.

Tarehe 23 Juni 1841 alimwoa Amélie Soulacroix. Kila tarehe 23 ya mwezi alimletea mkewe maua, na desturi hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake. Mwaka 1845 walipata mtoto mmoja, binti, wakamwita Marie.

Darasa lake lilijaa. Hakuhubiri, alifundisha, lakini hakuficha kwamba ni Mkristo. Siku moja mwanafunzi mmoja alimwandikia kwamba mahubiri mengi hayakumfaa kitu, bali somo la siku ile limemrudishia imani. Miaka ile mwalimu mwenzake Lenormant alizomewa na wanafunzi kwa sababu alikuwa amerudi katika dini. Walipiga kelele asiweze kusema. Ozanam alikuwapo. Mtu huyu mwenye haya aliruka jukwaani, akasimama kando ya mwenzake, akawatazama vijana machoni. Aliwakumbusha kwamba wao hudai uhuru wa kila mtu kusema, na sasa wanamnyima mmoja. Wakamshangilia yeye, wakamsikiliza. Hata hivyo wakuu walilifunga darasa la Lenormant baadaye. Si kila neno la haki hushinda siku ile ile.

Mwezi wa Juni 1848 watu maskini wa Paris waliinuka, vita ikawa katika njia za mji. Ozanam na rafiki wawili walikwenda kumwomba Askofu Mkuu Affre aende kuwapatanisha. Askofu alikwenda, akapigwa risasi, akafa tarehe 27 Juni. Huzuni hiyo Ozanam aliibeba maisha yake yote. Alizidi kuandika katika gazeti kwamba si haki wachache wawe na vyote na wengi wakose, na kwa ajili hiyo Wakatoliki wengine walimchukia.

Mwili wake ulikuwa dhaifu. Mwaka wa 1852, akiwa kitandani na homa, alisikia kwamba wanafunzi wananung'unika kwa sababu hawafundishwi. Akaamka, ingawa mkewe na mganga walimkataza, akaenda darasani akifanana na maiti. Walipomwona walinyamaza, kisha wakampigia makofi marefu. Aliwafundisha somo lake mpaka mwisho. Hakufundisha tena Sorbonne baada ya hapo.

Alikwenda Italia kutafuta afya, hakuipata. Aliporudi alifika Marseille tu. Padri alipomtia moyo asimwogope Mungu, alijibu kwamba hana sababu ya kumwogopa, kwa maana anampenda sana. Akafa tarehe 8 Septemba 1853, sikukuu ya kuzaliwa kwake Bikira Maria. Alikuwa na miaka 40.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 22 Agosti 1997, katika Notre-Dame, mbele ya vijana waliotoka nchi nyingi. Sista Rosalie naye alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2003. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kimeenea katika nchi nyingi za dunia, na Kongo pia, na makundi yake bado huitwa konferensi, jina lililotoka katika mabishano ya Jumamosi. Kaburi la Ozanam liko Paris, chini ya kanisa la Carmes. Hapo ndipo penye Universite Katolika ya mji huo, na kila siku wanafunzi hupita karibu na kaburi hilo wakienda darasani, na vitabu vyao mkononi.